Seli Zimejaa, Lakini Ukuta Haujaziba

"Nimetazama kwa darubini, seli zimejaa kikombe chote, kesho naweka dawa." Wanafunzi wa uzamili hapa Kampala wananiambia hivyo kila muhula, nami najibu vilevile: usiweke.

Kikombe hicho ni kidogo, hukaa ndani ya kisima cha sahani ya maabara, na sakafu yake ni utando wenye matundu madogo sana. Seli za Caco-2, zilizotokana na saratani ya utumbo mpana wa binadamu na zinazotumika kuiga ukuta wa utumbo, huujaza utando huo kwa siku chache, lakini kujaa ni kugusana tu. Kinachozuia dawa isipite ovyo ni vifungo vinavyobana seli na seli, na hivyo huvioni kwa darubini ya kawaida. Kwa kawaida Caco-2 huhitaji takriban siku 21 kukomaa. Ukiweka dawa siku ya tano, itapenyea mianyani, nawe utaandika kwamba utumbo unaifyonza vizuri. Inaniuma sana dawa ya miti iliyochumwa kwa taabu msitu wa Mabira inapopewa sifa isiyo yake.

Ili ujue kama vifungo vimebana, pima ukinzani wa umeme: elektrodi moja ndani ya kikombe, nyingine nje. Toa kipimo cha kikombe kisicho na seli, kisha zidisha kwa eneo la utando. Zidisha! Wengi hugawanya. Kikombe cha sahani ya visima 12 kina sm² 1.12, kwa hiyo omu 400 zilizobaki ni omu·sm² 448. Na sahani ikipoa, ukinzani hupanda wenyewe. Mimi huiacha ifikie joto la chumba kila mara ndipo nipime. Halafu weka juu rangi ya Lucifer Yellow, ambayo ukuta ulioziba huizuia. Ikijaa chini, tupa kikombe hicho, hata kama elektrodi zimekusifu.

Eti tundu lolote la utando linafaa? La mikromita 0.4 ni la kujenga ukuta. Seli haipiti hapo. Anayechunguza seli za saratani zinavyohama mara nyingi hutumia la mikromita 8.

Eti kikombe huoshwa kikatumika tena? Najua bei yake na muda wa kukisubiri kutoka ng'ambo. Bado hapana.

Na kubadilisha midia, yaani kimiminika cha kulisha seli, si kumwaga tu. Nyonya ya chini kwanza, kisha ya juu. Ukirudisha, anza juu, ml 0.5, ndipo chini, ml 1.5. Ukikosea mpangilio, midia ya chini husukuma utando kwenda juu na seli hubanduka. Ncha ya pipeti iegemee ukingo wa kikombe, isiguse utando kamwe.