Kufundisha mawasiliano baina ya tamaduni katika kipindi cha Kiingereza

Mwanafunzi anaweza kupata alama zote za sarufi na bado akaachana vibaya na mtu aliyezungumza naye kwa dakika mbili. Kumweleza sikukuu na vyakula vya Uingereza hakumsaidii sana, maana Kiingereza chake huenda akakitumia zaidi na Mganda, Mhindi au Mchina. Anachohitaji ni kugundua mapema kwamba hawajaelewana, na kujua la kufanya. Michael Byram, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha za kigeni, alipopanga stadi za mawasiliano baina ya tamaduni mwaka 1997, orodha yake ilianza na mtazamo: udadisi, na kutoharakisha kuhukumu. Ujuzi wa mila ulifuata.

Igizo dhima linatosha kwa kipindi cha dakika 40. Gawa darasa katika vikundi vya wanne: wawili waigize, kila mmoja akifuata kadi yake, wawili waangalie. Kadi ya kwanza iseme: “Uliza njia ya kwenda stendi. Kwenu, heshima ni kutompotezea mtu muda.” Ya pili: “Mtu atakuuliza jambo. Kwenu, hakuna kujibu kabla ya kujuliana hali: safari, nyumbani, kazi.” Mmoja asione kadi ya mwenzake. Usiandike taifa lolote. Ukiandika “Mwingereza”, wataigiza lafudhi na darasa litaishia kucheka.

Wape dakika 3, kisha wasimamishe hata kama hawajamaliza. Waangalizi wawe wamechora safu mbili: “nilichoona au kusikia” na “nilivyoelewa”. Hapa ndipo kazi ilipo. Wengi huandika “ana kiburi” katika safu ya kwanza. Usikubali. Kiburi hakionekani, kilichoonekana ni kwamba alijibu kwa neno moja, au aliuliza bila salamu. Tumia hata dakika 15 hapa, na kwa kidato cha kwanza na cha pili ruhusu Kiswahili, la sivyo watanyamaza kwa kukosa maneno ya kueleza walivyojisikia. Wala usitangaze nani alikuwa sahihi.

Kisha andika ubaoni “Do you mean…?” na “I'm sorry, I didn't mean to be rude. I was trying to…”. Warudie igizo kwa kadi zilezile, safari hii waangalizi wakiigiza, na kila mmoja atumie sentensi mojawapo pale mazungumzo yanapokwama.

Katika kupima, kwa alama 10, napendekeza 4 za kueleza tukio bila kuhukumu, 4 za kurekebisha kutoelewana, na 2 tu za sarufi. Sarufi ikipewa uzito mkubwa, wenye woga watajificha kwenye sentensi fupi walizokariri, na hutajua kama wameelewana.