Zamu ya bustani, safari za ndugu na kikapu kisichoisha: dhana potofu za Mwanza na ukweli wake

Jumamosi ya Mwanza ina wadai watatu: zamu ya kumwagilia bustani ya kikundi, shangazi wa Nansio, kisiwani Ukerewe, anayeuliza mbona kimya, na kikapu cha ukindu kilichoachwa nusu. Lawama yote huangukia muda. Mara nyingi kosa ni zao lisilovumilia safari, au kazi ya mikono isiyobebeka.

Dhana: Nikisafiri siku tatu, nimwage maji ya siku tatu kabla ya kuondoka.

Ukweli: Tuta la mita 1 kwa 5 linahitaji kama lita 25 kwa siku wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba. Ukimwaga lita 75 kwa mkupuo, udongo wa kichanga wa huku, luseni, utayapitisha chini ya mizizi na kuondoka na mbolea.

Mwagilia kawaida jioni ya mwisho, kisha tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, zisiguse shina, maana shina lililofunikwa huoza. Kwa mimea mikubwa tumia chupa ya lita 1.5: toboa kifuniko kwa sindano ya moto, kata kitako, fukia shingo sentimita 10 karibu na mizizi, jaza maji yaliyochujwa kwa kitambaa. Ijaribu siku moja kabla. Ikiisha ndani ya saa moja, tundu ni kubwa, badili kifuniko. Isiposhuka kabisa, mchanga umeziba.

Dhana: Bustani bila nyanya si bustani.

Ukweli: Kwa mtu wa safari, nyanya ni mzigo. Ikikauka siku tatu kisha ikafurikishwa, matunda hupasuka; maji ya leo yapo kesho hayapo huchangia kuoza kitako. Hapo hatujataja kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, ambaye hangoji urudi kutoka msibani. Nyanya wapewe wanaoshinda karibu.

Wewe panda matembele. Kata marando ya sentimita 30, fukia theluthi mbili, na baada ya wiki 5 au 6 unaanza kuchuma. Sukuma wiki nayo huvumilia, mradi uchume majani ya chini na kuacha kilele. Mchicha uko tayari wiki ya 3 au ya 4, kwa hiyo usisie tuta zima siku moja: nusu leo, nusu baada ya wiki mbili, usije ukakomaa wote wikiendi ya harusi.

Dhana: Tukilima ufukweni kabisa tutaokoa muda wa kubeba maji.

Ukweli: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Isitoshe, anayeingia majini kuchota anajiweka kwenye hatari ya kichocho. Maji yaliyokaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili huwa vimelea hao wameshakufa, ila hayajawa ya kunywa.

Dhana: Kwenda Sengerema, ng'ambo ya ghuba, lazima ulale.

Ukweli: Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko haipo tena. Nenda asubuhi, rudi jioni, zamu yako haijaguswa. Nansio ni habari nyingine: ratiba ya meli ndiyo inayoamua, kwa hiyo badilishana zamu kabla ya kukata tiketi, tena iandikwe kwenye daftari la kikundi. "Nimemwambia jirani" haimwagilii tuta.

Dhana: Kusuka na kufuma kunataka siku nzima ya utulivu.

Ukweli: Kunataka kazi iliyokatwa vipande. Kitambaa cha kochi cha kroshia kifumwe kwa miraba midogo. Mpira mmoja wa uzi na sindano moja vinaingia kwenye pochi, na safari ya meli ya takriban saa 3 hutoa miraba kadhaa. Ukindu ni mkaidi zaidi: ukikauka huvunjika. Funga kiasi cha kazi ya siku hiyo tu kwenye kitambaa kibichi tangu usiku. Uliobaki bila kusukwa, uanike kivulini kabla ya kuuhifadhi, la sivyo utaota ukungu. Ugenini suka shupatu tu, yaani ule utepe mrefu wa ukindu. Kushona kikapu kunataka meza na mwanga, fanya nyumbani.

Dhana: Mboga za kumpelekea mama zichumwe jana yake, zifungwe vizuri.

Ukweli: Chuma alfajiri ya safari, usizikande. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na hata ungekuwa nayo ingezifukiza. Panga kwenye kikapu, mashina chini, funika kwa khanga iliyoloweshwa na kukamuliwa. Usiweke chini ya siti karibu na injini.