Karantini na kipimo kwa abiria wa treni ya kimataifa: maana yake nini?

Kwa mtu wa Nairobi, swali hili linaweza kuonekana la mbali. Madaraka Express haivuki mpaka. Ukipanda Syokimau utashuka Mombasa ukiwa bado Kenya. Lakini wapo wanaoruka hadi Paris kisha wakashika treni ya Eurostar kwenda London, na wapo wanaopanda treni ya TAZARA Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Mlipuko wa ugonjwa ukitokea, abiria wa namna hii hukutana na masharti mawili ambayo watu huyachanganya: kupimwa na karantini.

Karantini ni kumzuia mtu ambaye haonekani mgonjwa, kwa kuwa huenda ameambukizwa. Aliyethibitishwa kuugua hutengwa na kutibiwa, na hilo ni jambo jingine. Siku za karantini hufuata muda ambao ugonjwa unaweza kujificha mwilini kabla ya dalili kutokea. Ebola hujificha siku 2 hadi 21. Covid-19 ilikadiriwa kufika 14, na ndizo siku ambazo Kenya iliwaweka karantini waliotoka nje mwezi Machi 2020, kwa gharama yao wenyewe. Watu walilalamika, na walikuwa na haki.

Kwa nini basi cheti cha kipimo hakitoshi? Kipimo cha PCR, kile cha maabara cha kutafuta virusi, husema tu kama virusi vimeonekana kwenye sampuli ya siku ile. Aliyeambukizwa jana anaweza kupimwa leo asubuhi, majibu yakasema hana kitu, akapanda behewa jioni, kisha akaanza kuambukiza jamaa zake siku chache baadaye. Ndiyo maana cheti kiliwekewa saa: Kenya ilitaka kipimo kisichozidi saa 96, Uingereza ikataka cha siku 3 kabla ya safari kuanzia Januari 2021, na bado ikamwongezea msafiri siku 10 za kujitenga. Kule England mtu aliweza kulipia kipimo kingine siku ya tano, na kama hana virusi akaachiliwa mapema. Mwenye pesa alikaa ndani siku chache.

Treni ina ugumu wake: husimama njiani, watu wakapanda na kushuka, sasa ukaguzi ufanyiwe wapi? Eurostar ina nafuu, maana abiria wa London hukaguliwa na maafisa wa Ufaransa na wa Uingereza palepale Gare du Nord, stesheni ya Paris, kabla ya kupanda, hivyo asiye na cheti alibaki Paris. Pasipo na mpango kama huo, kazi yote huangukia mpakani. Wanaokumbuka malori ya Malaba na Busia mwezi Mei 2020, foleni ya kilomita kadhaa huku madereva wakingoja majibu, wanajua hali huwaje.

Tena, stesheni uliyopandia si hoja. Uingereza iliuliza ulikuwa wapi siku 10 zilizopita. Kuanzia tarehe 9 Aprili hadi 22 Septemba 2021 Kenya ilikuwa kwenye orodha yake nyekundu, yaani ya nchi zilizowekewa masharti makali zaidi, kwa hiyo aliyetoka Nairobi akalala Paris siku mbili alihesabiwa kuwa ametoka Kenya. Kama hakuwa raia wa Uingereza au Ireland, wala mwenye haki ya kuishi Uingereza, hakuruhusiwa kuingia, awe na cheti au asiwe nacho.