Je, wajua kwa nini Google haioni tovuti yako ya nyuki?

Chukua tovuti ndogo ya ufugaji nyuki: kurasa 40, zimeandikwa na mtu anayeujua mzinga ndani nje. Ukitafuta "asali" Google, haimo hata ukurasa wa tano. Mwenye tovuti hulaumu ushindani. Mara nyingi kosa ni dogo kuliko hapo, na liko kwake.

Unapobonyeza kutafuta, Google haizunguki intaneti nzima wakati huo. Inapekua faharasa yake, yaani kurasa ambazo roboti wake, Googlebot, alishazisoma kwa kufuata kiungo hadi kiungo na zikaonekana zinafaa kuwekwa. Ukurasa usiomo kwenye faharasa hauna nafasi ya 1 wala ya 1,000. Kupata picha ya haraka, andika site: na jina la tovuti yako bila kuacha nafasi katikati. Jibu la uhakika liko Google Search Console, chombo cha bure. Unachotakiwa ni kuthibitisha kwamba tovuti ni yako, kwa rekodi ya DNS (mfumo wa majina ya tovuti) au faili dogo utakalopakia.

Kosa la kwanza kukagua: kwenye WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, sehemu ya mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Fundi hukitia tiki wakati wa ujenzi, analipwa, anaondoka, na tiki inabaki. Kila ukurasa unabeba agizo la noindex. La pili ni mstari wa Disallow: / ndani ya faili la robots.txt. Watu huyachanganya haya mawili. robots.txt humzuia roboti kusoma. Noindex humruhusu asome lakini humkataza kuorodhesha. Ukiyaweka yote mawili, roboti anazuiwa mlangoni, haoni noindex, na anwani ya ukurasa inaweza kujitokeza kwenye matokeo ikiwa tupu, bila maelezo.

Halafu kuna kurasa yatima, zisizo na kiungo hata kimoja kutoka kurasa nyingine za tovuti ileile. Tangu Larry Page na Sergey Brin waeleze PageRank, njia yao ya kupima uzito wa ukurasa, wakiwa Stanford mwaka 1998, kiungo kimehesabiwa kama aina ya kura, na kura za ndani ya nyumba nazo zimo. Ukurasa ambao wewe mwenyewe huutaji popote, Google itaupa uzito wa nini?

Kurasa zikishaorodheshwa, kazi inahamia kwenye maneno. Fungua ripoti ya utendaji ya Search Console. Inaonyesha watu waliandika nini, ukurasa wako ulionekana mara ngapi, ulibonyezwa mara ngapi na ulikaa nafasi ya ngapi kwa wastani, hadi miezi 16 nyuma. Usianze na neno "asali". Hilo waachie wakubwa. Chuja maswali yaliyo kati ya nafasi ya 8 na ya 20. Hapo Google imeshakubali kwamba ukurasa unahusika, ila haijashawishika vya kutosha.

Tuseme ukurasa wenye kichwa "Karibu: Maarifa ya Mizinga ya Kisasa" uko nafasi ya 13 kwa aliyeandika "vipimo vya mzinga wa KTBH" (Kenya Top Bar Hive, mzinga ambao nyuki hujenga masega chini ya vibao vya juu). Badilisha kichwa kiwe "Vipimo vya mzinga wa KTBH na jinsi ya kuutengeneza". Ukivuka herufi 60 hivi, mwisho hukatwa kwenye matokeo. Aya ya kwanza itoe kipimo papo hapo: vibao vya juu viwe na upana wa milimita 32. Kisha eleza sababu: vikizidi au kupungua, nyuki wa Afrika hukatiza sega kutoka kibao kimoja hadi kingine, na huwezi kukiinua kimoja bila kuvunja la jirani. Weka mchoro. Tafuta kurasa 3 au 4 za zamani zinazogusa mizinga, uziunganishe na huu kwa maneno "vipimo vya KTBH", si "bonyeza hapa". Fanya badiliko moja kwa wakati; baada ya kila moja subiri siku 28, linganisha na 28 zilizotangulia. Ukibadilisha vitu vitano siku moja, hutajua kipi kilisaidia.

Lugha nayo ina mtego. Neno lenyewe ni kurina asali, lakini wengi huandika "kuvuna asali". Yatumie yote mawili, kila moja mahali linapokaa vizuri. Google huitambua lugha ya ukurasa kwa maandishi yanayoonekana, si kwa msimbo wa lang (alama ya lugha iliyofichwa ndani ya ukurasa), kwa hiyo menyu na vitufe vya Kiingereza juu ya aya mbili za Kiswahili ni kujichafulia.

Picha: ya simu yenye MB 4 ipunguze hadi pikseli 1,200 kwa upana, uihifadhi kwa WebP, aina ya faili jepesi la picha. Google hutaka kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, na toleo inalolisoma ni la simu. Jedwali ulilolificha kwenye simu umelificha Google pia.

Viungo 500 vya kununua? Acha. Tangu mabadiliko ya Google yaliyoitwa Penguin, mwaka 2012, biashara hiyo imezamisha tovuti nyingi. Kiungo kimoja cha chama cha wafugaji nyuki au muuza vifaa kinatosha kuanzia. Orodha ya maneno iliyofichwa kwenye lebo ya keywords nayo ni jasho la bure. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Nafasi inaweza kupanda na wageni wasiongezeke. "Mzinga wa Langstroth una fremu ngapi" jibu lake ni 10 kwa sanduku la kawaida. Likitokea juu ya matokeo, hakuna haja ya kubonyeza. Swali la vipimo, lenye mchoro na mbao za kukatwa, humlazimu mtu aingie akiwa na futi mkononi.