Siku ya Kutoa ni nini, na kesho yake kuna kazi gani?

Siku ya Kutoa ni siku moja katika mwaka ambayo shirika lisilo la faida huiteua ili kuwaomba watu wake wote wachange kwa pamoja, mara nyingi ndani ya saa 24. Tarehe hutangazwa mapema, lengo hutajwa, namba ya kulipia husambazwa, na jumla husomwa kadiri siku inavyosonga. Inayojulikana zaidi duniani ni GivingTuesday, iliyoanzishwa New York mwaka 2012 na kituo cha jamii cha 92nd Street Y pamoja na United Nations Foundation. Huangukia Jumanne baada ya sikukuu ya Thanksgiving ya Wamarekani, yaani mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Hakuna sheria inayokufunga na tarehe hiyo. Wengine huchagua siku shirika lao lilipozaliwa, na kwa maoni yangu hao wamefikiri vizuri, kwa sababu watu wa nyumbani huikumbuka.

Mkenya akisikia hayo atauliza: si hiyo ni harambee? Ni ndugu wa harambee, lakini hawakulelewa nyumba moja. Harambee tunaijua. Jomo Kenyatta aliifanya wito wa taifa mwaka 1963, na neno lenyewe liko kwenye ngao yetu. Pale Kakamega, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilianza miaka ya 1970 kikiitwa WECO (Western College of Arts and Applied Sciences), na michango ya wananchi ilikuwa na mkono wake humo. Katika harambee unasimama, jina lako linasomwa kwenye kipaza sauti, watu wanapiga makofi. Juma linalofuata unapita njia ileile unaona ukuta umepanda. Na mtu uliyemchangia anajua zamu yako ikifika naye atakuja. Uhusiano unajijenga wenyewe, hakuna anayeajiriwa kuujenga.

Sasa mtazame anayechanga Siku ya Kutoa. Amekaa kwenye matatu pale Kondele, Kisumu, ameona ujumbe kwenye grupu ya WhatsApp, anafungua M-Pesa, anaingiza paybill, yaani namba ya kulipia ya shirika, anatuma shilingi 200. Simu inalia, ujumbe wa uthibitisho umeingia. Basi. Hakuna kipaza sauti, hakuna makofi, hakuna ukuta wa kutazama. Yale yote ambayo harambee ilimpa bila kupangwa, shirika linapaswa kuyafanya kwa mkono, na hapo ndipo wengi wetu huanguka.

Mimi husaidia kituo kidogo Nyalenda kinachowafanyia mazoezi ya viungo watoto wenye ulemavu. Mwaka wa kwanza tulipofanya siku yetu, tulifurahia jumla, tukaibandika ukutani, tukarudi kazini. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa soko la Kibuye nikinunua omena. Mama aliyekuwa akinipimia alisimamisha gorogoro hewani, akanitazama.

“Wewe si wa wale watoto wa Nyalenda? Zile pesa zangu zilifika?”

“Zilifika, Mama. Asante sana.”

“Basi hamkusema. Nilidhani nilikosea namba.”

Alikuwa ametuma shilingi 300. Nilipofika ofisini nilifungua orodha na kumkuta, mstari mmoja katikati ya mistari mingi. Hatukuwa tumemshukuru mtu hata mmoja katika orodha ile.

Neno lenyewe linatupotosha kidogo. Tukisema “mfadhili”, wengi wetu tunaona mgeni aliyeshuka kwenye gari kubwa, na ripoti inaandikwa kwa ajili yake, kurasa nyingi, kwa wakati. Mama wa omena hatumhesabu, ilhali wazee walishasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kuimarisha uhusiano na wafadhili, kwa lugha nyepesi, ni kuhakikisha kwamba kila aliyetoa anajua mambo matatu: kwamba pesa zilifika, kwamba zilifanya kitu anachoweza kukiona, na kwamba mnamjua yeye kama mtu.

La kwanza ni la haraka. Asante ikikaa wiki tatu imepoa. Sisi sasa tunagawana orodha: wajumbe wa kamati, walimu wa mazoezi, hata mlinzi aliyeomba apewe majina yake, kila mmoja anapiga simu ndani ya siku mbili. Simu hiyo haiombi chochote. Ukishukuru na kuomba katika pumzi moja, umeifuta shukrani.

Kuna kikwazo cha kiufundi hapa. Siku hizi mtu akilipa kwa paybill, shirika huenda lisione namba yake yote ya simu, kwa sababu za kulinda faragha. Kwa hiyo ni lazima umwombe mwenyewe akuachie namba, na umweleze utaitumia kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka hivyo, na hata isingetaka, ni adabu. Sehemu ya akaunti kwenye paybill pia inasaidia sana. Tunawaambia watu waandike pale jina la aliyewaalika. Jioni tunajua nani alileta nani, na yule aliyealika ndiye anayepiga simu ya asante.

La pili ndilo tamu. Fundi seremala wa mtaani kwetu alitengeneza kiti cha mbao chenye mikanda na meza ya mbele, cha mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe. Tulipiga picha kiti hicho kikiwa bado na vumbi la msasa (kiti tu, sura ya mtoto si bango la kuchangishia pesa) tukawatumia wachangiaji wote, pamoja na gharama yake. Majibu yaliyorudi yalikuwa mengi kuliko ya tangazo lolote tulilowahi kutuma.

La tatu, la kumjua mtu kama mtu, limo ndani ya simu ile ya asante inayopigwa na aliyemwalika. Kipimo nacho kibadilike. Usiulize tu mmepata ngapi. Uliza wangapi wamerudi. Kama mwaka jana walichanga 200, na kati yao 60 wamechanga tena mwaka huu, waliorudi ni asilimia 30. Nambari hiyo ikipanda, hata jumla ikibaki palepale, shirika lina msingi. Ikishuka huku jumla ikipanda kwa sababu ya hundi moja kubwa, mna wasiwasi wa mwaka ujao.

Siku yetu tuliihamisha kutoka Desemba, wakati watu wanakata tiketi za kwenda ushago na kuwaza karo ya Januari. Tulipokuwa bado tunabishania tarehe mpya, nilipita Kibuye. Mama alinimiminia omena, akaongeza konzi moja juu, kisha akauliza kama yule mtoto wa kiti ameanza kushika kijiko mwenyewe. Nikamwambia anashika, ila uji bado unamwagika.

“Kwani si wote huanza hivyo?” akasema, akafunga mfuko.