Kope Imelala, Krimu Haitaiamsha

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mikindani aliketi mbele yangu, akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa kikopo cheupe kisicho na jina la kiwanda wala tarehe. "Mwanangu, nimepaka miezi minne, kila usiku. Mbona kope haipandi?" Nikamwomba afumbe macho. Ngozi ya kope ilikuwa imekwisha, nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, vimishipa vyekundu vimetapakaa juu yake. Nikampima presha ya macho: kulia 31, kushoto 33. Ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Mama wa watu alikuja kutafuta urembo wa harusi ya mjukuu, akaondoka na dawa ya presha ya jicho.

Ni wa tatu tangu msimu wa korosho uanze, na nimechoka kulisema jambo hili kwa mtu mmoja mmoja. Hakuna krimu inayopandisha kope. Iwe imetoka Dar au Dubai, iwe ya elfu tano au ya elfu themanini, haipo.

Angalia kope yenyewe ilivyo. Ngozi yake haifiki hata milimita moja, hakuna ngozi nyembamba kuliko hiyo mwilini. Chini yake kuna msuli wa kufumba, kisha mafuta kidogo, kisha kano ya msuli unaoinua kope. Mtu akisema "jicho limelala", mimi nawaza mambo matatu tofauti. Huenda ngozi imezidi na kujikunja, kwa umri au kwa kurithi, ikaangukia juu ya nywele za kope. Huenda nyusi ndizo zilizoshuka, zikaisukuma ngozi chini. Au huenda ile kano imevutika ama imebanduka pale iliposhika, na ukingo wenyewe wa kope ukashuka mbele ya mboni. Sasa niambie, krimu ya juu ya ngozi itaifikiaje kano? Na ngozi iliyozidi itakwenda wapi? Krimu nzuri hulainisha na kuficha mikunjo midogo, basi. Ute wa yai nao hukauka na kuvuta ngozi kwa saa moja. Ukinawa uso, umerudi ulipoanzia.

Kinachoniumiza ni vile vikopo visivyo na jina. Vingi ni mkorogo, na kwenye mkorogo stiroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho, haikosekani mara nyingi. Stiroidi huikondesha ngozi, yaani ile ile uliyotaka ikaze ndiyo inayozidi kulegea. Ikipakwa kwenye kope kwa miezi, hupenya hadi kwenye jicho, ikapandisha presha na kuleta mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho tunamtoa. Uoni uliochukuliwa na presha ya jicho haurudi, hata ukiuza shamba zima la mikorosho.

Kabla hujatoa shilingi yako kwa yeyote, fanya jambo hili. Simama mbele ya kioo, legeza paji la uso, kisha inua nyusi polepole kwa kidole. Jicho likifunguka lote, tatizo lako ni ngozi au nyusi. Ukiinua ngozi na ukingo wa kope bado umeifunika mboni kwa juu, huo ni msuli, na kukata ngozi peke yake hakutakusaidia. Halafu njoo na picha ya zamani. Hili nawasisitizia wote: kitambulisho cha kura cha miaka kumi iliyopita kinanieleza mengi kuliko maelezo ya nusu saa. Wengine nawaonyesha picha yao ya ujana na macho ni yale yale. Waliumbwa nayo, na Waswahili tuliyaita macho ya kungu tukayasifu, mpaka simu zilipoanza kuwapanua wasichana macho kwenye picha.

Acheni pia kufikicha. Wakati wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, nawapokea watu kutoka Newala na Tandahimba wamevimba kope, wanasugua kwa kiganja chenye vumbi lile lile. Kufikicha mwaka hata mwaka kunaivuta ile kano. Vaa miwani ya kazi, nawa kwa maji safi mengi, na mkono usiguse jicho.

Sasa nijibu yale mnayoniambia kila siku. "Sindano ya botoksi itaondoa ngozi." Haiondoi ngozi. Inalegeza msuli unaovuta nyusi chini, nyusi zinapanda kidogo sana, na baada ya miezi mitatu minne imekwisha kazi. Ikidungwa na asiyejua, dawa humwagikia msuli wa kope na jicho likalala kweli, kwa wiki kadhaa.

"Kuna dawa ya matone." Ipo, ya oksimetazolini asilimia 0.1, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa kope iliyoshuka ukubwani. Huinua kama milimita moja, kwa saa chache. Ile ya puani yenye jina hilo hilo si ya macho. Usijaribu.

"Mwili wangu unaota makovu, sikatwi." Makovu ya kuvimba hupenda masikio, kifua na mabega, kwenye kope ni nadra sana, na mkato wenyewe hujificha kwenye mkunjo. Mwambie daktari, lakini usiogope kwa hilo.

"Shangazi alikatwa kope, akabaki na jicho baya." Nikiuliza zaidi, shangazi alikuwa na vikope: trakoma ilizigeuza nywele za kope ndani zikawa zinakwaruza jicho, wakamgeuzia ukingo nje asipofuke. Ule haukuwa upasuaji wa urembo. Na wewe ukiambiwa una vikope, usingoje.

"Mtoto akikua itapanda yenyewe." Kope ikiifunika mboni ya mtoto, ubongo unazoea kuliacha jicho hilo, na miaka saba au nane ya mwanzo ikipita, hata ukiinua kope uoni haukamiliki. Mlete akiwa mchanga.

"Ni upepo tu," au jini. Hapa sina subira. Kope iliyoanguka ghafla pamoja na kichwa kuuma, kuona vitu viwili viwili au mboni kupanuka, inaweza kuwa mshipa wa damu uliovimba kichwani ukabana neva ya jicho. Hospitali, saa hiyo hiyo. Ile inayoshuka jioni na kupanda ukishaamka inaweza kuwa miasthenia, ugonjwa wa misuli kuchoka, na hiyo hutibiwa kwanza kwa vidonge.

Ngozi ikiwa imezidi kweli, dawa yake ni kisu. Ni ganzi, saa moja hivi, nyuzi hutolewa siku ya tano hadi ya saba, uvimbe hupungua kwa wiki mbili. Usimshawishi daktari akate zaidi. Kati ya nyusi na nywele za kope inatakiwa ibaki ngozi ya kama milimita 20. Ikipungua sana unalala jicho wazi, na kioo cha jicho kinakauka. Kama unameza aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, sema mapema, wala usiiache mwenyewe.

Wengi wenu mtaelekezwa Dar, na najua mnavyopenda kupanda basi la kurudi kesho yake alfajiri. Msifanye hivyo. Kuvuja damu nyuma ya jicho ni nadra, lakini kukitokea, mara nyingi ni ndani ya saa 24 za kwanza, na hupofusha. Jicho likiuma sana, likatokeza nje au likaanza kuona giza, unatakiwa kuwa mezani kwa daktari usiku ule ule. Ukiwa njiani Nangurukuru ndani ya basi, hakuna wa kukufungua nyuzi. Tafuta ndugu wa kulala kwake siku mbili, na namba ya daktari iwe kwenye simu yake pia.