Acheni kusawazisha kiwanja kabla ya kuchora ramani

Nimetumiwa tena. Picha ya kiwanja cha mteremko, katapila limeshapita, nyuma kuna ukuta wa udongo mbichi umesimama wima, na chini ya picha ujumbe: "tumeshasawazisha, sasa tuchoree ramani." Jamani. Ramani mmeshachorewa tayari, na aliyechora ni dereva wa katapila.

Imani yenyewe naijua: nyumba ya familia lazima iwe sakafu moja iliyonyooka, kwa hiyo mteremko ni ugonjwa, utibiwe kwanza ndo mambo mengine yafuate. Mtu ana ramani kaitoa sehemu, vyumba vinne na korido katikati, ilichorwa kwa ajili ya kiwanja tambarare kabisa, sasa anataka kiwanja ndo kiifuate ramani!

Tupige hesabu kidogo. Mteremko wa 1 kwa 8, yaani ukitembea mita 8 umeshuka mita 1, kwa macho unauona wa kawaida tu. Nyumba yenye upana wa mita 12 kuelekea bondeni inakutana na tofauti ya mita 1.5. Ukikata nusu na kujaza nusu, juu unachimba senti 75 na chini unajaza senti 75, na hapo watu wanafurahi, eti kumbe ni kidogo tu. Ngoja sasa. Nusu ya nyumba imekaa kwenye udongo ambao haujaguswa tangu enzi na enzi, nusu nyingine iko juu ya kifusi cha juzi. Kifusi kinatakiwa kimwagwe kwa tabaka za senti 15 hivi, kila tabaka linyunyiziwe maji na kushindiliwa kabla ya lingine kuja, lakini site nyingi kinamwagwa chote kwa mkupuo, greda linapitapita juu, mvua inaachiwa imalizie kazi. Basi kinashuka taratibu, upande wa pili haushuki, na nyumba inapasuka pale pande mbili zinapokutana. Ufa unaanzia kona ya dirisha unapanda mshazari, mlango wa chumba cha upande wa bondeni unaanza kukwaruza, ukiinama unakuta umechora robo duara kwenye vigae. Halafu analaumiwa fundi wa milango. Na usiniambie msingi uliushusha mpaka udongo wa asili, vizuri, kuta zitapona, ila jamvi, yaani zege la sakafu, ulilolaza juu ya kifusi litashuka lenyewe, labda liwe limesukwa nondo na kubebwa na mikanda ya zege.

Bado ukuta wa kuzuia udongo kule nyuma. Watu wanadhani ukuta wa mita 3 ni ule wa mita 1 mara tatu. Sio. Kwa udongo uleule, nguvu inayousukuma ni mara 9 na ile inayotaka kuupindua ni mara 27, na hapo udongo ni mkavu. Maji yakijaa nyuma yake ni habari nyingine kabisa, ndo maana tunaacha matundu, tunaweka changarawe nyuma na bomba lenye vitobo chini yake. Ukuta bila matundu unaweza ukaupa zege lolote unalotaka, mimi silali chini yake.

Dawa ni kuiacha tofauti ya urefu iingie ndani ya nyumba. Ile mita 1.5 ni ngazi 9 tu za senti 16 na kitu. Sebule na jiko juu kwenye lango, vyumba vya kulala vinashuka nusu ghorofa, msingi unashuka kwa vipandio unafuata ardhi. Upande mrefu wa nyumba ulaze sambamba na kontua, yaani mstari unaopita sehemu zenye kimo kimoja, usiuelekeze bondeni, hapo tu umeshaokoa msingi mwingi. Mteremko ukifika 1 kwa 4 mita 12 zilezile zinakupa mita 3, yaani ghorofa nzima ya chini, na upande wake uliozama kwenye kilima hauna dirisha, kwa hiyo huko weka stoo, ngazi, sehemu ya kufulia, vyumba vya kulala vikae upande wenye mwanga. Hili halihitaji digrii, ila kila mara naletewa mchoro ambao chumba cha watoto kimezikwa na stoo ndo inaangalia bonde.

Sasa mniulize, mteremko ukianzia wapi ndo tuache kukata tuanze kushusha sakafu? Sina fomula. Mdogo sana nakata tu, mkali sana nashusha, pale katikati naangalia mashimo ya majaribio yanasema udongo ni wa aina gani halafu nakadiria, na mchoraji mwingine hapohapo angeamua tofauti na asiwe amekosea. Kinachonisumbua zaidi ni magoti ya wazee. Nusu ghorofa inapendeza kwenye mchoro, lakini rampu ya kiti cha magurudumu inataka 1 kwa 12, kwa hiyo mita 1.5 zile zinahitaji rampu ya mita 18 bila kuhesabu sehemu za kupumzikia, na huwezi kuiingiza ndani ya nyumba ya kawaida. Kwa hiyo siku hizi nalazimisha chumba kimoja na bafu vikae sakafu ya lango, hata mwenye nyumba akinuna kwamba sebule imepungua. Kama hiyo inatosha kwa mzee atakayetaka kushuka kuwaona wajukuu, kwa kweli sijui.

Na vyoo, haraka haraka: bomba la maji machafu nalipa mteremko wa 1 kwa 40, mita 20 linashuka senti 50, kwa hiyo jua chemba, lile shimo la kukusanyia maji machafu, iko wapi kabla hujapanga bafu hata moja. Bomba la maji machafu la mtaa likiwa upande wa juu wa kiwanja, choo cha ghorofa ya chini kitaishi kwa pampu, na pampu nayo inaishi kwa umeme.